Klachi inashika chini kabisa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, soma kabla hujakubali gia boksi ishushwe

Shida hii watu wanaieleza kwa namna nyingi. Mmoja atasema klachi inashika mguu ukiwa karibu na kapeti, mwingine atasema nikiachia kidogo tu gari imeshaondoka, mwingine rivasi inakwaruza, na karibu wote wanapewa jibu moja, badilisha klachi pleti, yaani ile sahani inayobanwa kati ya injini na gia boksi. Jibu hilo mara nyingi siyo lenyewe. Linampeleka mtu kushusha gia boksi wakati ugonjwa uko huku juu kwenye pedeli au kwenye masta (pampu ndogo inayosukumwa na pedeli kupeleka fluidi ya klachi), na inaniuma kila nikiona mtu kalipia kazi ambayo haikuhitajika, ndo maana nimejibu kwa urefu.

Kushika chini maana yake nini hasa? Kawaida inatakiwa kushika wapi?

Kanyaga klachi mpaka mwisho, weka gia namba moja, halafu achia taratibu sana. Kuna sehemu utasikia injini inashusha sauti kidogo na gari inaanza kujivuta, hapo ndo inaposhika. Gari nyingi ni maeneo ya katikati, kuna zinazoshika juu zaidi na kuna zinazoshika chini kidogo na ni nzima kabisa, kwa hiyo usijilinganishe na gari ya rafiki yako. Cha kujiuliza ni je, imebadilika? Kama siku zote ilikuwa inashika katikati na sasa inashika sentimita mbili tatu tu kutoka sakafuni, hiyo ni dalili na ishughulikie. Kama gari umeinunua juzi na hujui ilikuwaje, nenda kwenye swali la kupima kama klachi inakata (yaani inatenganisha injini na gia boksi ukikanyaga), hilo ndo litakuamulia.

Si ndo klachi pleti imeisha hiyo?

Hapa naomba uelewe vizuri maana ndipo hela zinapopotelea.

Klachi pleti ikilika inakuwa nyembamba, presha pleti (bamba linaloibana) inasogea karibu zaidi na flaiwili (gurudumu zito la injini), na vile vidole vya springi pale katikati ya presha pleti vinasogea upande wa pili, kuelekea kwenye rilizi beringi, ile inayovisukuma vidole ukikanyaga. Yaani pleti ikiisha, vidole vinaifuata beringi. Sasa kwenye gari ya kebo isiyojirekebisha yenyewe, ule mchezo wa pedeli (mwendo wa bure wa mwanzo) unaisha na klachi inaanza kushika JUU, halafu baadaye inaanza kuteleza, unakanyaga mafuta injini inapiga kelele gari haiendi, na harufu ya kuungua inakuja. Kwenye gari za fluidi (zinazotumia breki fluidi badala ya kebo) mfumo unajirekebisha wenyewe kwa hiyo sehemu ya kushika haihami sana, na ikihama basi mara nyingi inapanda.

Kushika chini ni kinyume chake. Mguu wako umetembea safari nzima lakini mwendo wote haujafika kule kwenye vidole, umepotelea njiani, presha pleti inafunguka kidogo tu mwishoni kabisa mwa pedeli na ukiachia kidogo inafunga. Kwa hiyo kazi yako ni kutafuta mwendo unapotelea wapi kati ya mguu na gia boksi, na sehemu nyingi za kutafuta zinafikika bila kushusha kitu chochote.

Naanzia wapi?

Anza na kapeti, usicheke. Mati nene iliyokunjika chini ya pedeli inakula mwendo wa mwisho kabisa, ambao ndo klachi ilikuwa inauhitaji. Itoe, kanyaga tena, ujue moja.

Halafu zima gari, bonyeza pedeli kwa kidole siyo kwa mguu. Utasikia mwanzo ni laini kabisa, pedeli inaenda bure, halafu inagota na kuwa nzito. Ule mwendo wa bure ndo mchezo wa pedeli. Weka rula pembeni yake upime. Kwenye gari za fluidi mara nyingi ni kati ya milimita 5 na 15, za kebo nyingi ni 10 mpaka 25, namba kamili iko kwenye kitabu cha gari yako. Ukikuta pedeli inaenda bure milimita 40 hivi hapo tayari umeshapata sehemu ya jibu lako.

Baada ya hapo fungua boneti uangalie kibakuli cha fluidi, kisha ingiza kichwa chini ya dashibodi na tochi ya simu.

Pedeli yenyewe inaweza kuwa na shida? Mbona ni chuma tu

Inaweza, na mimi nimepitia. Gari yangu ilianza kushika chini polepole, fundi mmoja akaniambia pleti imekwisha, gia boksi ikashushwa, pleti ikabadilishwa na presha na beringi, nikawasha gari, ikashika palepale chini. Ile pleti ya zamani niliichukua nikaiangalia, rivet zilikuwa bado zimezama ndani vizuri kabisa, ilikuwa bado ina kazi. Siku nyingine nimelala kichwa chini ya dashibodi namwambia ndugu yangu abonyeze klachi kwa mkono taratibu, nikaona pini inayounganisha pedeli na fimbo ya masta inacheza kwenye tundu lake. Tundu lilikuwa limelika limekuwa kama yai. Pedeli ilikuwa inashuka, pini inatembea ndani ya tundu, na fimbo ya masta imesimama tu. Nikapima, milimita 22 za pedeli zilikuwa zinaishia pale. Ilikuwa pini na bushi tu, basi.

Ukikumbuka kwamba pedeli ni wenzo, milimita 2 za kulika pale kwenye pini zinageuka kuwa nyingi pale unapokanyaga, utaelewa kwa nini kitu kidogo hivyo kinasumbua. Angalia pia bushi za ekseli ya pedeli na kile kishikio cha pedeli kama kimepasuka, na mwenzio akikanyaga angalia fayawoli (ukuta wa bati kati ya injini na ndani ya gari) pale masta ilipofungwa. Kama bati linapinda kwenda mbele basi hapo pia mwendo unapotea.

Nitajuaje kama klachi inakata au haikati?

Simamisha gari sehemu tambarare, mbele na nyuma kusiwe na mtu wala ukuta wa karibu, handibreki juu na mguu mwingine kwenye breki. Injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta, gia fri. Kanyaga klachi mpaka mwisho, hesabu mpaka kumi bila haraka, halafu ingiza rivasi. Kwenye gari nyingi rivasi haina sinkironaiza (kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia ili ziingie laini) kwa hiyo haifichi kitu, ikikwaruza baada ya kusubiri hivyo klachi haikati vizuri, kuna kitu bado kinazungusha gia boksi.

Kipimo cha pili, zima injini uingize gia zote. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa na zikawa ngumu injini ikiwashwa, ni klachi. Zikiwa ngumu hata gari imezimwa, basi angalia kebo za gia na gia boksi yenyewe, hiyo ni habari nyingine.

Kama inashika chini ila rivasi inaingia kimya kabisa na gia zote laini, tulia. Inaweza kuwa ni gari yako ilivyo, au ni ya kurekebisha kidogo tu.

Nikipampu klachi mara tatu inapanda inashika vizuri, kwa nini?

Hiyo ni dalili nzuri sana kwa mtafutaji kwa sababu inakuondoa moja kwa moja kwenye pleti. Pleti haijui kama umepampu. Kupanda baada ya kupampu kunasema kuna upepo kwenye mfumo au masta haisukumi fluidi yote kwa pigo moja. Upepo unabanwa kwanza ndo fluidi ianze kusukuma, kwa hiyo nusu ya pedeli yako inakandamiza hewa. Pedeli inakuwa laini kama sponji. Lakini upepo hauingii bure, kama hakuna aliyefungua mfumo hivi karibuni basi ujue kuna mahali panavuja au kibakuli kiliwahi kukauka.

Kibakuli kimejaa na hakuna tone chini ya gari, bado masta inaweza kuwa mbovu?

Ndiyo kabisa, na hii inawachanganya hata mafundi. Ndani ya masta kuna raba kwenye pistoni, ikichoka fluidi inapita pembeni yake na kurudi ilikotoka, haitoki nje hata tone.

Kuijua, washa gari sehemu tambarare ya wazi, kanyaga klachi mpaka mwisho, weka gia namba moja na ushikilie mguu hapohapo huku mguu wa kulia uko juu ya breki, dakika moja au mbili. Masta nzima itashikilia. Masta inayopitisha utaona gari inaanza kutaka kujivuta yenyewe na hujasogeza mguu hata kidogo. Ndo maana kuna mtu analalamika kwamba kwenye foleni gari inamsukuma mbele, ila barabarani akibadilisha gia harakaharaka haoni tatizo.

Masta inaweza pia kuvuja kwa nyuma, upande wa pedeli. Pitisha kidole pale fimbo inapoingilia kwenye fayawoli na chini yake kwenye kapeti. Kikitoka na unyevu unaoteleza, umeshaipata. Na sleva ya chini, ile inayopokea fluidi kutoka masta na kuisukuma klachi pale kwenye gia boksi, funua ile raba ya vumbi taratibu uchungulie, ukikuta fluidi imejikusanya ndani imeshaanza kuvuja hata kama nje ni kavu.

Kibakuli changu ni kimoja na cha breki, fluidi inapungua. Ni klachi?

Inaweza kuwa klachi, inaweza kuwa pedi za breki zimelika tu maana zikilika pistoni zinatoka na kibakuli kinashuka. Kwenye gari nyingi za namna hii bomba la klachi limetolewa juu kuliko la breki ili klachi ikivuja isimalize fluidi ya breki. Kwa hiyo klachi kukosa nguvu ghafla huku breki bado zipo ni onyo, usiongeze tu fluidi ukaondoka, tafuta inakoenda.

Nipime vipi kama mwendo unafika kwenye gia boksi?

Hiki ndo kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kinakata ubishi. Kama sleva yako iko nje ya gia boksi, mtu akanyage klachi mpaka mwisho na wewe pima kwa rula fimbo ya sleva imetembea kiasi gani. Injini imezimwa, gari likiwa limenyanyuliwa liwe juu ya stendi siyo jeki peke yake. Linganisha na namba ya gari yako, magari mengi madogo fimbo inatembea zaidi ya milimita 10. Niliwahi kupima moja ikatembea 7 tu, tukatoa upepo ikafika 13 na rivasi ikanyamaza siku hiyohiyo.

Fimbo ikitembea kidogo, shida iko juu, ni pedeli, masta, upepo au ule mpira wa paipu uliochoka unaovimba ukikanyagwa, uushike kwa mkono mwenzio akikanyaga utausikia. Fimbo ikitembea kama inavyotakiwa na klachi bado haikati, shida iko ndani, na hapo sasa neno la kushusha gia boksi lina haki ya kusemwa.

Sleva yangu iko ndani ya gia boksi, sioni kitu

Zile za duara zinazozunguka shafti, beringi na sleva kitu kimoja. Huwezi kupima fimbo, ila vipimo vya juu vyote vinafanya kazi. Angalia pale chini injini inapokutana na gia boksi kama kuna majimaji, yaguse. Oili ya injini ni nyeusi inanata na oili ya gia ina harufu yake kali, breki fluidi ni nyepesi. Ikiwa ndo inavuja hakuna njia ya mkato, gia boksi inashuka, na kwa kuwa imeshashuka badilisha na pleti na presha kama zimetembea sana, kazi ya mikono ni ileile.

Gari yangu ni ya kebo, haina fluidi

Wewe una kazi nyepesi. Kebo inavutika, nyuzi zinaanza kukatika moja moja pale mwisho wake, na koti la nje linajikunja. Mwenzio akikanyaga angalia koti, likijinyonga au likisogea mwendo unapotelea hapo. Kama mchezo ni mkubwa kaza nati ya kurekebisha mpaka ufikie kipimo cha kitabu. Ukirekebisha leo na wiki ijayo imelegea tena usirekebishe mara ya tatu, kebo inakatika hiyo, nunua nyingine. Zenye kujirekebisha zenyewe angalia meno ya kirekebishaji pale pedelini kama yamelika.

Nimezungusha fimbo ya masta, klachi imepanda safi. Nimemaliza?

Umebakiza mchezo? Hilo ndo swali. Fimbo ya masta inatakiwa iwe na nafasi ndogo kabla haijaisukuma pistoni, milimita chache tu pale kwenye pedeli. Ukiirefusha mpaka nafasi ikaisha, pistoni hairudi mwisho, kile kitundu cha kurudishia fluidi kwenye kibakuli kinabaki kimezibwa. Fluidi ikipata moto inatanuka haina pa kwenda, inaisukuma sleva, beringi inakandamiza vidole muda wote kana kwamba umeweka mguu, na pleti inaanza kuteleza. Umeponya kushika chini umezalisha kuteleza. Rekebisha, kaza loknati, halafu bonyeza kwa kidole uhakikishe mchezo upo. Na kama ilikuwa sawa miaka yote ikashuka yenyewe, jiulize kwanza kwa nini imeshuka, fimbo haijifupishi.

Natoaje upepo?

Mko wawili. Jaza kibakuli, vaa mpira mwembamba kwenye skrubu ya kutolea upepo, mwisho wa mpira uzame kwenye chupa yenye fluidi kidogo. Mwenzio anakanyaga anashikilia, wewe unafungua, fluidi na mapovu vinatoka, unafunga, NDO anaachia. Akiachia kabla hujafunga unavuta hewa upya. Pedeli inaweza kubaki chini, aivute kwa mkono. Kila baada ya mara tano sita angalia kibakuli, kikikauka mnaanza upya.

Kuna mifumo migumu, upepo unajificha sehemu ya juu ya paipu na hautoki kwa kukanyaga. Hapo bomba la sindano kubwa linasaidia, unasukuma fluidi safi kutoka chini kwenye sleva kwenda juu polepole na mapovu yanatokea kwenye kibakuli, ila punguza kwanza fluidi ya kibakuli isimwagike. Breki fluidi inaharibu rangi ya gari, ikidondoka mwagia maji mengi hapohapo, na ikiruka jichoni osha kwa maji muda mrefu.

Niweke fluidi gani?

Iliyoandikwa kwenye kifuniko, nyingi ni DOT 3 au DOT 4. DOT 5 ni ya silikoni, usichanganye nazo. Usiweke oili ya injini wala ya stelingi kwenye mfumo wa breki fluidi, raba zote zinavimba na utabadilisha mfumo mzima. Fluidi inanyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo ikiwa nyeusi kama chai ya rangi ibadilishe yote, kwa kawaida kila miaka 2 hivi.

Nimefunga klachi mpya na sasa inashika chini kuliko ya zamani, nimeibiwa?

Siyo lazima. Pleti mpya ni nene, vidole vimerudi mahali pake, na mguu wako ulishazoea ile iliyokuwa inashika juu. Kushuka kidogo ni kawaida. Ila ikiwa rivasi inakwaruza, siyo kawaida. Cheki upepo kwanza hasa kama paipu ilifunguliwa, kisha mchezo wa pedeli. Uliza pia kama flaiwili ilichongwa, maana ikichongwa sana klachi nzima inasogea mbali na beringi na mwendo unapungua. Na pleti iliyofungwa kinyumenyume haikati hata ufanyeje.

Mwendo umefika wote na bado haikati, ndani kuna nini?

Foku (mkono unaosukuma rilizi beringi) iliyopinda au kupasuka, kile kigoti inachokalia kimelika, vidole vya presha vimevunjika, pleti imepinda, au meno ya pleti yameota kutu kwenye shafti, hii hupata gari iliyolala muda mrefu. Na kuna ile beringi ndogo ya katikati ya flaiwili kwenye gari zilizo nayo, ikijam inazungusha shafti ya gia boksi hata klachi ikiwa imefunguka kabisa.

Naweza kuendelea kuiendesha hivyohivyo?

Kama inakata kwa shida, kila gia unayoingiza inakula sinkironaiza, na sinkironaiza ni ghali kuliko masta. Hatari zaidi ni gari kujivuta ukiwa umesimama nyuma ya mtu anayevuka, kwa hiyo weka gia fri kila unaposimama, usitegemee mguu wa klachi.

Ikikufia njiani kabisa na unatakiwa kuitoa sehemu mbaya, zima injini, weka namba moja, hakikisha mbele ni wazi, kanyaga klachi mpaka mwisho na uwashe, stata itaisukuma gari na injini itashika ikiwa inatembea. Nenda polepole hivyohivyo, na ukitaka kusimama zima injini. Ikishafika pembeni penye usalama iache hapo, ita gari ya kuvuta.